Saa Mia za Mashine: Oili na Matunzo ya Injini ya Boti ya Stroki Nne

Mhadhara kwa wenye boti, manahodha na vijana wa mashine, ufuo wa Dunga, Kisumu

Wazee wetu, akina mama wenye boti, manahodha na vijana wa mashine, hamjambo.

Naanza na hesabu. Vitabu vya mashine nyingi za stroki nne vinasema hivi: mashine mpya ibadilishwe oili baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100 au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Watu hushika ule mwaka, zile saa wakazisahau. Lakini mwaka huo ni wa mtu anayetoka na boti siku ya mapumziko. Boti ya omena, dagaa wa ziwa letu, inaondoka jioni na kurudi alfajiri. Hata ukitoa muda wa kusubiri taa zivute samaki, mashine imefanya kazi saa 5. Usiku 20 wa giza, saa 5 kila usiku, hizo ni saa 100. Mwaka wa kitabu kwenu ni mwezi mmoja wa angani. Mbalamwezi ikitanda omena hawafuati taa, boti zinapumzika: siku hizo ndizo siku za oili. Boti ya abiria ya Mbita kwenda kisiwa cha Mfangano haina hata nafasi hiyo. Ikikimbia saa 8 kwa siku, saa 100 zinaisha kabla ya wiki mbili.

Mashine nyingi ndogo hazina mita ya saa. Hesabu lita. Mashine ya nguvu za farasi 15, kwa mwendo wa kati, hunywa takriban lita 4 za petroli kwa saa. Kwa hiyo lita 400 zikipita, saa 100 zimepita. Tajiri anayelipia mafuta tayari ana hesabu hiyo kwenye daftari lake. Na kama mashine yako inakunywa tofauti, pima: jaza tangi, tembea saa nzima, jaza tena, uone umeongeza lita ngapi.

Sasa, kwa nini oili ichoke? Wengi wenu mmelelewa na stroki mbili. Kule oili inachanganywa na petroli na kuungua yote, kila siku mashine inapata oili mpya. Stroki nne haifanyi hivyo. Oili inakaa chini kwenye karteri, inazunguka ileile, inabeba masizi, vumbi la chuma na petroli iliyoponyoka. Ndiyo maana usichanganye oili kwenye petroli ya stroki nne, hata kijiko kimoja cha kuibembeleza mashine. Plagi zitalowa, valvu zitashika kaboni. Wala usimimine oili ya stroki mbili ndani ya karteri. Haikutengenezwa kukaa humo.

Petroli iliyoponyoka nataka tuitazame vizuri, kwa sababu ndiyo inayoua mashine nyingi za wavuvi. Mtu anachomoa kijiti cha oili anakuta kiwango kimepanda juu ya alama, na hakuongeza kitu. Anafurahi. Nusa kile kijiti: kinanuka petroli. Kilichopanda si oili. Mashine inayotembea polepole kwa muda mrefu, ikifuata nyavu, haipati joto la kutosha. Petroli inabaki majimaji kwenye kuta za silinda, inateremka kando ya ringi mpaka kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi kama maji ya wali, na beringi na kemushafti zinasagana chuma kwa chuma. Ubaya huongezeka pale fundi anapoitoa thamostati akidhani anazuia mashine isipate joto kali. Thamostati ndiyo inayozuia maji ya ziwa yasiipoze injini kupita kiasi. Ikikwama wazi, au ikitolewa, kila safari ni safari ya injini baridi. Irudisheni. Ukiitilia shaka, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, uyapashe moto: inapaswa kufunguka maji yakikaribia nyuzi 60, na kujifunga yakipoa. Na baada ya kazi ndefu ya mwendo mdogo, ipe mashine dakika kumi za mwendo mzuri kabla ya kuizima.

Mafuta ya taa ndani ya petroli huleta ugonjwa huohuo. Hayageuki mvuke upesi, yanateremka yaleyale. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa sababu ya wachanganyaji, kwa hiyo hatuzungumzii jambo la kufikirika. Nunua kituoni, chuja kwa kitambaa safi kinachobana, na mtungi wa petroli usiwahi kubeba kitu kingine.

Oili gani? Tafuta iliyoandikwa FC-W, 10W-30 au 10W-40. Hiyo imetengenezwa kwa mashine za boti, ambazo huzunguka mara 5,000 hadi 6,000 kwa dakika saa nzima bila kupumzika. Gari halifanyi kazi hiyo. Usipoipata, vitabu vya mashine kadhaa vinakubali oili nzuri ya gari yenye alama ya API kuanzia SG, na penye joto hata 20W-50. Tusichokubali ni oili ya kupimiwa kwenye chupa ya soda. Hujui ilitoka kwenye lori gani.

Kazi yenyewe haichukui nusu saa. Washa mashine dakika 5 hadi 10 ikiwa ndani ya maji, oili ipate joto na uchafu uelee. Zima. Isimamishe wima kabisa, kwa sababu ikiinama nusu glasi ya oili chafu inabaki ndani. Fungua kifuniko cha kumiminia juu ili hewa ipite, weka beseni, fungua boliti ya chini. Mashine nyingi ndogo hutaka spana 12 au 14. Acha idondoke mpaka tone la mwisho. Badilisha filta: paka oili mpya kwenye mpira wake, ikaze kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha robo tatu ya mzunguko zaidi. Boliti ya chini iwekewe washa mpya, na usitumie spana ndefu. Karteri ni ya alumini, na uzi ukikatika gharama yake inazidi oili ya mwaka mzima.

Kiasi kiko kwenye kitabu. Farasi 15 nyingi hula kati ya lita 1 na lita 2, na kuna tofauti kati ya kubadilisha na filta na bila filta. Mimina kidogo kidogo, washa dakika chache, angalia kama inavuja, zima, subiri dakika 5, pima. Kiwango kikae kati ya alama mbili. Oili ikizidi inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Ziada inavutwa kwenye njia ya hewa, utaona moshi wa buluu. Taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini na mashine ikijipunguza mwendo yenyewe, zima papo hapo. Kuna manahodha wanaodhani ni kabureta, wanazidi kuikanyagia mwendo. Dakika mbili za kiburi hicho zinatosha kuimaliza.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo vitabu havilisemi kwa uzito. Wizi wa mashine umewafanya mzibebe kila siku kwenda nyumbani, wengine kwenye bodaboda. Stroki mbili mliilaza upande wowote. Stroki nne ukiilaza vibaya, oili inapanda kwenye silinda na kabureta. Kwanza isimamishe wima maji ya kupozea yatoke yote. Halafu ilaze upande ulioonyeshwa kitabuni. Mashine nyingi zina vitako vya kulalia upande huo. Kichwa kisiwe chini ya propela. Ikilazwa vibaya ukakuta kamba ya kuwashia imekuwa ngumu, usiivute kwa nguvu: silinda imeingia oili na utaiumiza mashine. Toa plagi, vuta taratibu mara kadhaa oili itoke, futa plagi, ndipo uwashe.

Oili ya gia, kule chini, ni nyingine: SAE 90 ya gia za boti, takriban robo lita kwa mashine ya farasi 15. Fungua skrubu ya chini kisha ya juu, imwagike. Ijaze kwa mpira wa kujazia kutokea tundu la chini mpaka itokeze la juu, kwa sababu ukimimina kutoka juu hewa inanaswa ndani na gia inabaki na njaa. Ikishatokeza, funga ya juu kwanza, ndipo uondoe mpira na kufunga ya chini upesi. Gasketi mpya zote mbili. Iliyotoka itazame: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi mkosaji ni uzi wa wavu uliojisokota nyuma ya propela na kukata sili. Kila mwezi toa propela, ondoa nyuzi, paka grisi, weka kotapini mpya. Unga laini wa chuma kwenye skrubu ni kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole si kawaida.

Maji ya kupozea: mashine lazima ikojoe, yaani irushe maji ya kupozea nje, na nahodha atazame nyuma mara kwa mara. Ikiacha, zima. Ondoa gugumaji kwenye vichujio vya kuingizia, chokoa tundu la mkojo kwa waya mwembamba. Bado? Basi ni impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji. Matope ya ghuba yetu huila haraka, kwa hiyo ibadilishe kila saa 200 hadi 300. Na usiwashe mashine nchi kavu hata kwa sekunde chache za kujaribu; impela hulainishwa na maji hayohayo.

Mengine kwa haraka. Plagi: namba ya NGK inayoishia na -9 inataka mwanya wa milimita 0.9. Anodi, kile kipande cha chuma kinacholiwa na kutu badala ya mashine: zinki ni ya bahari, kwenye maji ya ziwa yasiyo na chumvi hujifunika ganda ikalala, weka magnesiamu, na usiipake rangi. Mkanda wa taimingi, kwa mashine zenye mkanda, vitabu vingi husema saa 1,000 au miaka 5. Rudini kwenye hesabu ya mwanzo: saa 1,000 kwenu ni miezi kumi.

Oili chafu itieni kwenye mtungi wenye kifuniko, ipelekwe kwa gereji wanaokusanya. Isimwagwe mchangani hapa. Mtambo wa maji wa Dunga huchota ziwa hilihili, na maji hayo ndiyo yanayonywewa mjini Kisumu.

Mashine ile ndani ya pipa imeshanguruma dakika tano na maji yako juu ya vichujio. Tusogee pale oili ikiwa bado ya moto. Nani ana spana 14?