Kipindi cha 37: Laini ama Ngumu?

SALIM: Nekesa, kabla hujasema kitu, waambie wasikilizaji saa yako inasema nini kuhusu Jumapili.

NEKESA: Hamjambo, karibuni. Hivyo ndivyo watu huanza kipindi, Salim.

SALIM: Hamjambo nyote. Haya, waambie.

NEKESA: Inasema kilomita 24. Uliziona mwenyewe.

SALIM: Nimeziona. Na chini yake?

NEKESA: Chini yake kuna muda wa kukimbia. Halafu chini kabisa, kwa maandishi madogo ambayo hakuna mtu husoma isipokuwa wewe, kuna muda wote tangu nitoke nyumbani.

SALIM: Zimepishana kwa kiasi gani?

NEKESA: Dakika 14.

SALIM: Dakika 14! Mwenzangu, hiyo si kufunga kamba za raba.

NEKESA: Hiyo ni mahindi.

[Wanacheka.]

SALIM: Jamani, leo nimekuja na karatasi. Nimeandika mambo matatu ya kumsaidia mtu anayejiandaa kwa mbio za Oktoba, marathoni ya Nairobi: raba, usingizi, na unachokula asubuhi ya mbio. Nimelala saa sita nikiandika.

NEKESA: Kumbe la usingizi umeshindwa tayari.

SALIM: Endelea na mahindi yako, tumalize.

NEKESA: Sawa. Jumapili nimeanzia Lang'ata saa kumi na mbili na nusu, nikashika barabara ya Southern Bypass kuelekea Kikuyu. Mnaijua ile, ni kupanda tu. Baridi ya Julai, manyunyu, mawingu yamekaa chini mpaka unahisi utayagonga na kichwa. Nikageuka kwa 12. Kurudi ni mteremko, nikasema leo nimeweza. Kilomita ya 17, harufu ikanifikia. Moshi wenyewe sijauona bado.

SALIM: Harufu haina miguu. Ungeipita.

NEKESA: Upepo ulikuwa unanijia usoni, ningeipita vipi? Nikaona mama amekaa kwa kigoda, jiko, gunia, mwavuli. Hata salamu hakunipa. Akaniangalia jasho na kila kitu, akauliza, "Laini ama ngumu?"

SALIM: Nawe ukasema?

NEKESA: Ngumu. Mimi nina meno.

SALIM: Hatuongelei jino leo.

NEKESA: Nani ametaja jino? Nimesema meno, kwa wingi.

SALIM: Hebu nikuulize. Ulilipa na nini? Wewe hutoka na ufunguo tu.

NEKESA: Hapo sasa. Nilikuwa na ufunguo na tende zako.

SALIM: La!

NEKESA: Ya hamsini alikuwa nayo moja, nzuri, imejaa mpaka ncha. Nikamwambia ukweli, mama, sina pesa, simu nimeiacha nyumbani. Akacheka. Nikampa tende nne, na nikabaki na deni la shilingi thelathini.

SALIM: Wallahi, nimekupa tende nikakueleza: moja kila baada ya dakika kama 25, maji juu yake. Ukikimbia zaidi ya saa moja, mwili unataka wanga gramu 30 mpaka 60 kwa kila saa. Ndiyo sababu nikazitoa kokwa na kuzifunga vizuri. Wewe unakwenda kununulia mahindi!

NEKESA: Mahindi si wanga?

SALIM: Ni wanga uliofungiwa ndani ya nyuzinyuzi. Ukikimbia damu yote imeshuka miguuni, tumbo limebaki halina mtu wa zamu. Halafu unalishushia gunzi zima la mahindi magumu. Laini ningekuelewa kidogo.

NEKESA: Laini ni uji wenye ngozi.

SALIM: Umeanza.

NEKESA: Salim, ile laini ukiibonyeza na ukucha inakutemea maziwa. Ukiiweka kwa makaa haichomeki, inachemkia ndani kwa ndani. Kama unataka ya kuchemka, nunua ya kuchemsha, ziko kwa sufuria pale pale. Ngumu ndiyo inajua moto. Inaanza kulia pa, pa, inapata yale madoa meusi, na punje unazing'oa kwa mstari, mstari, kama mtu anasoma.

SALIM: Sisi Mombasa mahindi mabichi tunajua kuyaheshimu. Unayakata vipande, unayapika na nazi, pilipili mbichi, unafyonza mpaka bunzi lenyewe. Laini hiyo. Ngumu ni ya kusaga unga.

NEKESA: Bunzi!

SALIM: Bunzi, gunzi, kitu kimoja. Na ya kuchoma pia, laini, ile nusu ya ndimu iliyochovywa kwenye chumvi na pilipili, unaipaka na kuikamulia. Ngumu hainywi ndimu. Yote inakutiririkia kwenye kiwiko.

NEKESA: Hapo umesema ukweli kidogo. Mkono wa raba yangu ya kukimbilia... aki, mkono wa fulana yangu bado unanuka ndimu.

SALIM: Raba ina mkono siku hizi.

NEKESA: Umenichanganya wewe. Tuna ujumbe wa msikilizaji hapa, ametuma kwa sauti, anasema Salim aeleze kwa nini mtu mzima wa miaka arobaini anaogopa mahindi ngumu, na...

[Stima inapotea. Kurekodi kunakatika, kisha kunaendelea.]

NEKESA: Tumerudi. Wasikilizaji hamkusikia kitu, lakini tumekaa gizani robo saa nzima. Na gizani Salim amekubali kuongea kuhusu jino.

SALIM: Sikukubali. Nilinyamaza.

NEKESA: Agosti mwaka jana, tumetoka kukimbia msitu wa Karura, kilomita 15 kwenye matope. Huyu anasema leo nitakula ngumu, nisionekane mgeni. Mstari wa kwanza, tu. Akanyamaza. Akatoa kitu mdomoni, akakiangalia, akakiweka mfukoni. Nikadhani ni punje.

SALIM: Ilikuwa punje na jino. Daktari wa meno aliniuliza nilikuwa natafuna nini, nikamwambia mfupa. Niliona aibu.

NEKESA: Umedanganya daktari!

SALIM: Sasa utaniambia mahindi ni chakula cha mazoezi? Nimelipa pesa ya raba mbili kwa jino moja. Tuyaache. Mimi shida yangu si kula, hata si mahindi. Shida yangu ni kwamba umeandika 24 kwenye jedwali letu.

NEKESA: Nimeandika kwa sababu nimekimbia 24.

SALIM: Umekimbia 17. Ukakaa. Ukakimbia 7.

NEKESA: 17 na 7 ni ngapi?

SALIM: Katika hesabu ni 24. Katika miguu ni mbio mbili. Mbio ndefu kazi yake ni nini? Ni kuufundisha mwili kuendelea pale unapotaka kusimama. Kilomita ya 17 ndipo somo linaanza, na wewe ndipo umetoka darasani. Moyo umeshuka, misuli imepoa, umekalia...

NEKESA: Sikukaa. Nilichuchumaa.

SALIM: Oktoba saa haisimami. Pale Uhuru Gardens ukishavuka mstari wa kuanzia, saa inakwenda ukila, ukilia, ukiingia chooni. Muda wote ndio muda. Hakuna maandishi madogo.

NEKESA: Lakini hii ni Julai! Wiki 15 zimebaki. Na nikwambie kitu nimekifikiria sana. Mbio za Nairobi zilianza 2003, na huangukia mwisho wa Oktoba. Hesabu nyuma miezi minne ya mazoezi, unaangukia wapi? Mwanzo wa Julai. Na mahindi yaliyopandwa na mvua ya Machi na Aprili yanakuwa mabichi ya kuchoma lini? Julai, Agosti. Yaani zile wiki unaongeza kilomita ndizo wiki barabara zimejaa majiko. Unataka nizibe pua?

SALIM: Na Oktoba mvua za vuli zikishuka utaniambia kumbikumbi.

NEKESA: Kumbikumbi zikitoka wiki ya mbio nitakula kumbikumbi. Ni protini, hazina hata jino la kuvunja. Na Desemba maembe ya Makueni, hapo nimeshamaliza mbio, usiniongeleshe.

SALIM: Nikupe mfano mmoja halafu tuingie kwenye raba. Kipchoge, Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Saa 1, dakika 59, sekunde 40. Binadamu wa kwanza kumaliza marathoni chini ya saa mbili. Iliandikwa kuwa rekodi ya dunia?

NEKESA: Haikuandikwa.

SALIM: Kwa nini? Wale waliomkatia upepo walikuwa 41, wanapokezana, hawa wanaingia, hawa wanatoka. Vinywaji analetewa mkononi. Masharti hayakutimia. Kiptum akaja 2023, Chicago, 2:00:35, mbio za kawaida za watu wote, hiyo ikaandikwa. Sasa kama Kipchoge mwenyewe hakuandikiwa, wewe na gunzi lako ni nani?

NEKESA: Hakuandikiwa na nani? Wewe Jumamosi hiyo ulikuwa wapi? Mimi nilikuwa saluni Kawangware, kichwa kimesukwa nusu. Msusi aliacha nywele yangu mkononi akasimama mbele ya televisheni. Kinyozi wa mlango wa pili akaja na mteja wake, ndevu upande mmoja. Kipchoge alipowaacha wale wengine nyuma akaanza kunyooshea watu kidole, tulipiga kelele mpaka mwenye nyumba akateremka. Hakuna mtu pale alisema neno "masharti".

SALIM: Hata mimi nilipiga kelele. Kushangilia si kuandika.

NEKESA: Basi niache mimi nijishangilie kwa jedwali.

SALIM: Jedwali si la kushangilia, dada. Ndilo tutakaloangalia Septemba kujua kama uko tayari kwa 32. Likisema uongo, utaaibika kilomita ya 35 na mimi siko karibu.

NEKESA: Nitakuwa mbele yako.

SALIM: Inshallah. Lakini hilo si jibu.

NEKESA: Haya, jibu hili hapa. Mwaka juzi nilifuata ile karatasi yako neno kwa neno. Unakumbuka? Agosti nikaenda nyumbani Bungoma wikendi moja. Kukhu, nyanya yangu, ameingia shambani mwenyewe, amechagua, amekuja akachoma kwa mafiga, ameipangusa majivu na kitambaa chake. Akanipa. Mimi nikasema, kukhu, kesho asubuhi nina kilomita 20, karatasi inasema leo usiku nile wali.

SALIM: Akasemaje?

NEKESA: Hakusema kitu. Alimpa mtoto wa jirani.

SALIM: ...

NEKESA: Na mimi naitwa Nekesa. Aliyezaliwa wakati wa mavuno. Yeye ndiye alinipa hilo jina.

SALIM: Pole. Hapo ulikosea, na karatasi yangu haikusema ukatae cha bibi yako.

NEKESA: Ilisema wali.

SALIM: Ilisema wali kwa mfano. Na bado, Nekesa, nisamehe, hiyo ilikuwa jioni, nyumbani, kwa kukhu. Hukuwa katikati ya mbio. Ungekula mbili, ungelala, ungekimbia 20 zako asubuhi. Sijaona vipi inageuza 17 kuwa 24.

NEKESA: Wewe moyo wako ni ngumu kuliko mahindi.

SALIM: Moyo ngumu, jino laini.

[Wanacheka.]

NEKESA: Mimi silipwi kukimbia, Salim. Hakuna mtu ananingoja Oktoba na hundi. Nikifika nimechoka, nanuka moshi, na nimefurahi, hiyo ni mbio. Nitaandika 24 kwa kalamu ya wino.

SALIM: Nami nitaandika kando yake, kwa kalamu nyekundu, mahindi.

NEKESA: Andika. Na Jumapili ijayo ni 26, na njia lazima ipite kwa yule mama, nina deni la watu.

SALIM: Mtumie kwa simu!

NEKESA: Sina namba yake. Mtu amekuamini barabarani bila kukujua jina, unamlipa ukiwa umesimama mbele yake.

SALIM: Kwa hivyo utasimama tena.

NEKESA: Kulipa tu.

SALIM: Kulipa tu. Kwa mkono mtupu. Haya, raba. Jambo la kwanza, usinunue raba mpya wiki ya mbio. Kama unanunua, nunua sasa, uzizoee...

FUNDI [kwa mbali]: Saa yenu imeisha. Kwaya iko mlangoni.

NEKESA: Basi wasikilizaji, raba mmesikia nusu, usingizi na chakula cha asubuhi...

SALIM: Ngoja, ngoja. Haijaisha. Tumekodi saa moja, na stima imepotea robo saa. Tuna dakika 15 zetu hapa.

NEKESA: Rudia, Salim.

SALIM: Nimesema stima...

NEKESA: Yaani zile tulizosimama tuzitoe.

SALIM: Hapana. Hiyo ni tofauti.

NEKESA: Tulikuwa tunarekodi, tukasimama, tukaendelea. Ni kipindi kimoja ama viwili?

SALIM: Mimi sikusimama kwa hiari yangu! Nilizimiwa stima.

NEKESA: Na mimi nilinusa moshi.

FUNDI: Jamani. Kwaya.

[Mwisho wa rekodi.]