Manowari ya Bomba Tatu: Königsberg na Njaa ya Makaa

Wazee wetu, walimu wenzangu, wanafunzi na ndugu wote mliofika, asalaam aleikum na karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie manowari na nyambizi za Wajerumani. Historia hiyo ni ndefu, na sehemu yake kubwa ilipita mbali nasi, kwenye maji baridi ya Bahari ya Kaskazini na Atlantiki. Huko nitapita haraka. Muda wangu mwingi nitaupa manowari moja iliyoishia hapa kwetu, ndani ya mikoko ya Rufiji. Hoja yangu ni kwamba Königsberg ilikuwa imekwisha kushindwa kabla mizinga ya Waingereza haijaifikia. Iliyoishinda ni njaa ya makaa ya mawe.

Tuanzie Berlin. Kwa muda mrefu nguvu ya Ujerumani ilikuwa ya nchi kavu. Mwaka 1898 Admirali Alfred von Tirpitz, akiwa na Kaizari Wilhelm wa Pili nyuma yake, alipitisha bungeni sheria ya kujenga manowari, na mwaka 1900 ikafuata nyingine kubwa zaidi. Kufikia 1914 Wajerumani walikuwa wa pili duniani kwa nguvu za majini, wakitanguliwa na Uingereza tu. Lakini tazameni fedha zilikokwenda: kwenye manowari kubwa kubwa zilizokaa karibu na nyumbani, Kiel na Wilhelmshaven. Nyambizi ya kwanza, U-1, waliipokea mwaka 1906, na Tirpitz mwenyewe hakuwa na haraka nazo. Huku ng'ambo zililetwa kruza nyepesi, manowari ndogo za kasi, moja hapa, moja kule.

Königsberg ilikuwa mojawapo. Iliteremshwa majini huko Kiel mwaka 1905, ikaanza kazi 1907: urefu mita 115, mizinga 10 ya milimita 105, kasi ya zaidi ya maili 23 za baharini kwa saa. Juni 1914 ikatia nanga Dar es Salaam chini ya Nahodha Max Looff. Inasimuliwa kwamba watu wa pwani waliiita manowari ya bomba tatu, kwa sababu ya mabomba yake matatu ya moshi.

Sasa fikirini jinsi meli ile ilivyokwenda. Kila maili ililipiwa kwa makaa yaliyotupwa tanuruni kwa koleo, usiku na mchana. Kadiri ilivyokimbia ndivyo ilivyoyala. Mwingereza alikuwa na makaa Aden, Mombasa, Zanzibar, Colombo, hadi Rasi ya Tumaini Jema. Mjerumani, katika Bahari ya Hindi yote, alikuwa na pwani hii yetu tu. Tirpitz alijenga meli za kwenda kokote, lakini hazikuwa na pa kufikia.

Tarehe 31 Julai Looff alitoka Dar es Salaam ili vita visimkute amefungiwa bandarini. Agosti 6, karibu na Oman, aliikamata City of Winchester, meli ya Kiingereza iliyobeba chai. Ilikuwa meli ya kwanza ya biashara ambayo Uingereza iliipoteza katika vita hivyo. Looff hakuwa na shida ya chai. Alitaka makaa yake, na makaa yenyewe yalikuwa hafifu. Siku mbili baadaye manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Wakubwa wa Kijerumani wa huko, kwa hofu ya kuvamiwa, wakazamisha chelezo chao wenyewe, yaani gati linaloelea la kutengenezea meli, kwenye mlango wa bandari. Kwa mikono yao wakawa wamemfungia nahodha wao mlango.

Ndipo Looff akaingia Rufiji, mwanzoni mwa Septemba. Wajerumani walikuwa wameupima mto huo na kuuchorea ramani, na ramani za Waingereza zilikuwa za zamani. Akatia nanga Salale, ndani ya delta, akasubiri makaa yaliyoletwa kwa magendo ya mashua kutoka Dar es Salaam.

Habari zikamfikia kwamba kuna manowari ya Kiingereza Zanzibar. Alfajiri ya Septemba 20 akaikuta Pegasus imetia nanga, mitambo yake imefunguliwa kwa matengenezo. Mizinga yake haikufika mbali kama ya Königsberg, kwa hiyo Looff alipiga akiwa mahali asipofikiwa. Pegasus ilizama siku hiyohiyo, na zaidi ya mabaharia 30 wakafa. Makaburi yao yako kisiwa cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe.

Huo ndio ulikuwa ushindi wake wa mwisho baharini. Mashine yake ilivunjika, akarudi Rufiji. Vyuma vilivyoharibika vikaburutwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa. Walioburuta walikuwa watu wa vijiji vyetu.

Hapa niingize neno la nyambizi, maana tarehe zinasogeleana ajabu. Septemba 22, siku mbili tu baada ya Zanzibar, nyambizi U-9 ya Otto Weddigen ilizamisha kruza tatu za Kiingereza, Aboukir, Hogue na Cressy, asubuhi moja katika Bahari ya Kaskazini. Walikufa zaidi ya watu 1,400. Chombo kisicho na mabaharia hata 40 kilifanya ambacho manowari za mamilioni hazikufanya. Tangu hapo matumaini ya Wajerumani yakahamia chini ya maji. Nyambizi mpya za dizeli ziliweza kukaa baharini wiki nyingi bila kuomba bandari yoyote, jambo ambalo Looff hakuliweza. Matokeo yake ni yale tunayoyajua: meli ya abiria Lusitania ikazamishwa mwaka 1915, na mwaka 1917 Marekani ikaingia vitani.

Turudi Rufiji. Mwishoni mwa Oktoba kruza Chatham iliigundua Königsberg. Waingereza wakazamisha meli ya makaa, Newbridge, katika mlango mmoja wa mto, lakini delta ina milango mingi. Kruza zao hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina. Wakamtumia mwindaji Pretorius kupeleleza mikondo, wakaleta ndege, wakaiteka Mafia Januari 1915 na kurushia ndege hapo. Ndani ya mikoko mabaharia wa Kijerumani waliugua malaria, na makaa ya kufika kwao hayakuwepo. Meli ya kuwaletea mahitaji, Rubens, ilishambuliwa na Waingereza katika ghuba ya Manza, karibu na Tanga, Aprili 1915. Risasi nyingi ziliopolewa, zikaenda kwa jeshi la nchi kavu. Königsberg haikupata makaa ya kurudi nyumbani.

Hatimaye zikavutwa kutoka Malta meli mbili za mizinga za Waingereza, Severn na Mersey, zilizoundwa kwa ajili ya mito ya Brazili, zikielea kwenye maji yasiyofika mita mbili. Julai 6, 1915 zilijaribu, zikarudi na majeruhi. Julai 11 zikaingia tena. Ndege iliyokuwa ikiwaelekeza wapigaji ilipigwa, na ikiwa inaanguka, Arnold aliyekuwa ndani aliendelea kutuma masahihisho mpaka ikagusa maji. Looff akailipua meli yake mwenyewe.

Wajerumani wakaiopoa mizinga yote 10 na kuitia magurudumu Dar es Salaam. Mmoja uliwekwa kwenye Graf von Götzen, meli ya Ziwa Tanganyika tunayoijua leo kama Liemba. Mingine ikamfuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani la nchi kavu, kaskazini, Kondoa, kisha kusini. Mizinga iliyoundwa kwa ajili ya bahari, kila mmoja wa uzito wa zaidi ya tani, ikavutwa na mamia ya watu kupita milima na mabonde, mahali ambapo mbung'o walikuwa wameua ng'ombe. Wa mwisho uliharibiwa mwaka 1917, kabla Lettow-Vorbeck hajavuka Ruvuma. Pande zote mbili za vita hivyo ziliwamaliza wapagazi kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Hilo linaniuma kila ninapousoma mkasa huu: nahodha tunamjua kwa jina, rubani tunamjua, hata meli ya chai tunaijua, ila waliovuta mizinga hawakuandikwa.

Mzinga mmoja mnaweza kuuona Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Mabaki ya meli yalionekana Rufiji hadi miaka ya 1960, kisha tope likayameza.

Nina ombi kwa wanafunzi mliotoka Kibiti, Utete, Ikwiriri na Mafia. Mkienda likizo, waulizeni wazee wenu waliyosikia kwa babu zao: nani alivuta vyuma vile, alilipwa nini, nani hakurudi. Andikeni jina la msimulizi, kijiji na tarehe, mniletee. Nyaraka za Taifa zina mafaili ya Wajerumani. Tutayasoma pamoja na mliyoyaleta, tuone yanapokubaliana na yanapopingana. Sasa nakaribisha maswali.