Mimea ya jikoni isiyokusumbua: kuchagua, kuhamisha na kumwagilia

Haya jamani, karibuni. Leo tuko jikoni kwangu, si kitaluni. Mnaniandikia sana: "Dada, nataka kijani jikoni lakini sina muda." Sawa. Mimi nauza mimea, kwa hiyo nitakuuzia tu, ila nikuuzie itakayodumu.

Kwanza mwanga. Mchana, zima taa, simama pale unapotaka kuweka chungu, shika pakiti ya unga usome yale maandishi madogo. Unayasoma bila kukodoa macho? Patafaa. Huyasomi? Hapo weka ndoo. Mdogo wangu unayerekodi video, sogeza simu huku, dirisha linanifanya kivuli kitupu. Enhe, hapo hapo.

Jiko sasa. Usiweke mmea jirani na plati. Mafuta ya kukaangia yanaruka, yanaganda kwenye majani, na moto unayababua. Juu ya friji wengi mnapapenda, mimi sipapendi: ukimwagilia, maji yanashuka nyuma kwenye umeme.

Tuchague. Huu wenye majani marefu yaliyosimama wima, yana mistari, ndio sneki planti. Ni ndugu wa mikonge pori mnayoiona vichakani. Unavumilia kona yenye mwanga hafifu, unavumilia na wewe ukisafiri. Huu mwingine wa majani mazito yanayong'aa sokoni unaitwa ZZ, kitaalamu Zamioculcas zamiifolia. Huu ni wa kwetu kabisa! Unaota wenyewe kwenye misitu ya pwani, Kenya, Tanzania, Zanzibar, hadi Afrika Kusini. Waholanzi wakaanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, sasa unarudi kwetu umevaa bei. Chini una viazi vinavyotunza maji, kumbukeni hilo, nitalirudia.

Wa tatu mani planti, huu unaotambaa. Kama kabati zako ziko juu, uache uning'inie. Mshubiri weka dirisha lenye jua, basi, hauna maneno. Mrehani, nanaa na mchaichai nazipenda mno, lakini hizo zinataka jua na kuangaliwa. Wewe umesema huna muda.

Wenye watoto wadogo na paka, nisikilizeni. ZZ na mani planti utomvu wake unawasha, mtoto akitafuna majani mdomo unamvimba. Weka juu asipofika. Ukikata majani nawa mikono, na tafadhali, usikatie kwenye kibao cha nyanya.

Kuhamisha. Chungu kiwe na matundu chini. Udongo wa bustani, mchanga, na samadi iliyooza vizuri kidogo tu. Ukishika konzi moja ukabana, ukiachia uvunjike. Ukibaki donge, ongeza mchanga. Kiriba, ule mfuko wa plastiki mmea uliokuja nao, usikivute kwa juu na mmea usiushike majani. Kichane kwa pembeni, hivi, utoe na udongo wake. Weka, jazia, gandamiza kidogo. Hilo kila mtu analijua.

Sasa hapa. Hapa ndipo wateja wanaponirudishia mimea iliyooza wakidhani niliwauzia mibovu. Mnanunua kile chungu cha nje cha urembo, kizuri, cheupe, hakina tundu. Mnatumbukiza chungu cha ndani humo, mnamwagilia, maji yanatuama chini, hamuyaoni. Juu udongo mkavu, chini bwawa. Kwa hiyo: toa chungu cha ndani, peleka kwenye sinki, mwagilia mpaka maji yatoke chini, yaache yachuruzike, ndipo urudishe. Na kama umemwagilia humo humo, inua, mwaga yaliyobaki. Mwaga! Usiseme "yatakauka." Ngoja niwaoneshe na hiki changu... mmeona? Maji hayo, na mimi sijamwagilia leo. Nani amemwagia maji ya kuoshea mchele humu? Haya, twende tumwage.

Maji ya ZZ na sneki planti ni mara moja kwa wiki mbili au tatu, na masika ikinyesha na hewa ikiwa nzito unaweza kuacha hata mwezi. Lakini usifuate kalenda, fuata kidole. Kiingize kwenye udongo hadi pingili ya pili. Kikitoka na unyevu, ondoka. ZZ ina akiba yake kwenye vile viazi. Majani ya chini yakianza kuwa ya manjano na shina likilegea, usiongeze maji! Watu wengi wanaongeza. Ni maji hayo hayo yanayouozesha.

Mafuta ya jikoni yanafanya majani yawe na nta ya vumbi. Kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, futa, kisha pitisha cha maji matupu. Wakati mwingine... subiri. Sogeza simu hapa kwenye hili pindo la jani la mani planti. Mnaona vitu vyeupe kama pamba? Vidung'ata hivyo, ni wadudu. Nimefurahi vimeonekana kwenye video. Kitambaa kile kile cha sabuni, futa mpaka kwenye maungio ya majani, rudia baada ya siku chache, na mmea uutenge peke yake kabla havijahamia kwa majirani.

Huu mani planti basi siuuzi wiki hii. Mkija dukani mkauona umekaa peke yake karibu na mlango, msiubebe, hata mkiambiwa punguzo.