Ukimwonyesha Mmoja, Waonyeshe Wote

Asanteni. Wale mliokulia Kenya, kwanza wekeni pembeni ile poka ya “niko kadi”. Ninayoizungumzia leo ni poka ya Marekani, Texas Hold'em. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, halafu tano zinafunguliwa katikati ya meza, za wote. Nimezigawa Las Vegas kwa miaka minne, na ugomvi mwingi nilioushuhudia haukuanzia kwenye fedha. Ulianzia kwenye nani kaona nini.

Usiku mmoja wamebaki watatu wanaogombea dau. Mzee wa kiti cha tano ameshajitoa, lakini kabla hajanisukumia karata zake anazibinua kidogo kwa kidole gumba, jirani yake wa kiti cha sita achungulie. Jirani anatabasamu. Ni marafiki, wamekuja na gari moja. Ila jirani bado yumo mchezoni.

Nikasimamisha mchezo, nikazichukua zile karata mbili, nikazilaza wazi mbele ya wote: ree ya shupaza na saba ya shupaza. Mzee akawaka. “Nimeshazitupa! Zinamhusu nani?”

Haya, tuhesabu. Tuseme jirani ana shupaza mbili mkononi, na katikati zimefunguka karata nne, mbili kati yake shupaza. Anahitaji shupaza moja tu apate tano, ambazo tuseme zitamshindia. Karata asizoziona ni 46, na shupaza zilizobaki ni 9, yaani karibu nafasi moja katika tano. Mezani kuna dola 90, naye ili aendelee anatakiwa alipe 20. Kwa hesabu hiyo inalipa, aweke. Sasa mwonyeshe zile mbili za mzee. Shupaza zimebaki 7 katika karata 44, chini ya moja katika sita, na dola 20 zile zile zimekuwa hasara. Mzee hakusema neno, lakini ameshamshauri rafiki yake ajitoe. Na wale wawili wengine, ambao fedha zao ziko pale pale, hawajui kitu.

Ndiyo maana vyumba vya poka vya Marekani vina kanuni hii: ukimwonyesha mmoja, waonyeshe wote. Watu wengi huijua nusu. Kama aliyechungulia bado ana uamuzi wa kufanya, karata zinafunguliwa papo hapo. Kama naye alishajitoa, mgawaji anasubiri mpaka dau liishe ndipo azifungue, kwa sababu akizifungua mapema atawavurugia wanaoendelea.

Mdomo nao unaonyesha karata. Mwaka 2006 Jamie Gold alishinda shindano kuu la World Series of Poker, watu 8,773, akaondoka na dola milioni 12, na alisifika kwa kupiga soga mezani, mara aseme kweli, mara adanganye. Kwenye televisheni ilichekesha. Lakini kanuni za kawaida za mashindano hazitaki mchezaji ataje alichonacho wakati wengine bado wanashindana, awe anasema kweli au anaongopa. Hata kuguna “aah!” karata ya katikati inapofunguka, wewe ukiwa umeshajitoa, ni kosa. Umetuambia ulitupa nini.

Mwisho wa mchezo mambo ni tofauti. Kama umepandisha dau na wote wamekimbia, fedha ni zako na hudaiwi kuonyesha chochote. Kuna wanaopenda kufungua ili tuone walitupiga mkwara. Ruhusa, mradi waone wote. Lakini kama kuna mwingine aliyelipa dau hilo, aliyeweka au kupandisha dau mara ya mwisho ndiye anayefungua kwanza. Afungue basi! Kuna mtu anajua ameshinda, anakaa kimya, anamwacha mwenzake aanze kukusanya kete, yaani vile vipande vinavyotumika badala ya fedha, ndipo alaze karata zake taratibu. Hakuna kanuni iliyovunjwa hapo, na bado sijaona kitendo kinachochukiwa zaidi mezani.

Kuna haki moja inatumiwa vibaya. Dau likishalipwa mpaka mwisho, vyumba vingi vinamruhusu mchezaji aombe kuona karata za aliyeshindwa. Iliwekwa ili kuwanasa wawili wanaocheza kwa kupeana siri. Siku hizi mtu anaitumia kwa umbea tu, na kumdhalilisha aliyepoteza. Ningekuwa na uwezo ningeibana zaidi. Lakini kwenye mashindano, mtu akiweka kete zake zote na hakuna tena wa kupandisha dau, karata za wote wanaogombea dau hilo zinalazwa wazi, bila kuombwa. Hiyo naiunga mkono kabisa, maana bila hiyo ndugu angemgawia ndugu kete zake kwa kushindwa makusudi na sisi tungeambiwa ni bahati mbaya.

Yule mzee? Alinuna kama saa nzima. Wiki iliyofuata akarudi na rafiki yake, viti vile vile. Akajitoa, rafiki akanyoosha shingo, mzee akazifunika karata kwa kiganja. “Tulia,” akamwambia, “nitakusimulia kwenye gari.”