Sebule haikaliki? Anza na njia, makochi baadaye

Mbukwenyi! Karibuni sana. Leo nipo Nkuhungu, hapa Dodoma mjini, kwa mama mmoja aliyenipigia simu akasema, "Mwanangu, sebule yangu ina kila kitu ila haikaliki." Tazameni. Kuna seti ya watu saba: kochi la watu watatu, la wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja. Kuna meza, kuna TV. Anayetoka vyumbani anapita kiubavu, katikati ya meza na magoti ya wageni. Vitu vya mama ni vizuri. Vimepangwa tu kwa kufuata kuta, na hakuna aliyejiuliza watu watapita wapi.

Hatua ya kwanza, toa kila kitu nje. Najua ni kazi, lakini ukibakiza hata kochi moja, macho yatakudanganya kwamba pale ndipo mahali pake.

Sasa chukua futikamba. Chumba hiki kina mita 4 kutoka mashariki hadi magharibi, na mita 3.6 kwa upande mwingine. Mlango wa mbele uko ukuta wa kaskazini, karibu na kona ya magharibi. Korido ya vyumbani inaanzia ukuta wa kusini, kona hiyohiyo ya magharibi. Andika pia upana wa mlango wenyewe. Mimi niliwahi kuagiza kochi kwa fundi bila kupima mlango, tukalazimika kung'oa grili ndipo likaingia. Ile siku sijaisahau.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoomba muifanye hata kama nyingine zote mtaziruka. Shika chaki, uchore njia sakafuni. Naanzia mlangoni, nanyoosha mstari mpaka korido, halafu napima sentimita 90 kutoka ukuta wa magharibi. Kwa nini 90? Mtu aliyebeba sinia la chai kwa mikono miwili anataka nafasi ya viwiko. Ukibanwa sana, shuka mpaka 75, chini ya hapo usiende. Ndani ya mstari huu hakiingii kitu chochote, hata stuli. Hata ua la kwenye ndoo lisiingie. Kwenye vigae au saruji chaki inafutika kwa kitambaa chenye maji, kwa hiyo choreni bila woga.

Sebule yetu sasa ni eneo lililobaki, mita 3.1 kwa 3.6. Ni dogo kuliko tulivyodhani, na afadhali tumelijua kabla ya kubeba kochi.

Kabla hatujaendelea, sogeeni hapa dirishani. Jana mama alifuta vumbi. Napitisha kidole… mmeona? Wenzangu wa Dodoma mnajua, kiangazi chetu ni kirefu, na upepo mwingi unatoka mashariki na kusini-mashariki. Dirisha hili ni la mashariki. Kitambaa cha kochi kikiegemezwa hapa moja kwa moja, kinakula vumbi lote. Dirisha la magharibi nalo linaleta jua la saa kumi jioni, jua linalochoma na kupausha kitambaa. Huko weka pazia zito. Hili la mashariki lifunguliwe asubuhi na mapema, kisha lifungwe upepo ukianza kuvuma.

Tunarudi kwenye chaki. Kochi la watu watatu lina urefu wa sentimita 210 na kina cha 90. Nalichora ukuta wa kaskazini, likiwa limeachana na ukuta kwa sentimita 12, fagio lipite nyuma. TV inakwenda ukuta wa kusini, kulitazama kochi. Hapo hakuna dirisha nyuma yake wala mbele yake, kwa hiyo kioo hakitawaka mwanga. Na soketi iko hapohapo, hakuna waya wa kukatiza sakafu. Kutoka macho ya aliyekaa mpaka TV ni kama mita 2.5, inatosha kwa ile ya inchi 43. Katikati ya kioo iwe usawa wa macho ya mtu aliyekaa, yaani kama mita 1 hivi kutoka chini. Ukiitundika juu sana shingo zitauma.

Kochi la watu wawili linakaa upande wa mashariki, nalo limeachana na dirisha. Waliokaa makochi haya mawili wanatazamana bila kupaziana sauti. Meza naiacha sentimita 45 mbele ya kochi kubwa: mkono unafikia kikombe, magoti hayagongi.

Na yale mawili ya mtu mmoja? Mama, naomba uniwie radhi, hayaingii. Moja litakwenda chumbani kwako, jingine kwa bibi, ambaye amekuwa akikaa kitandani mchana kutwa. Wageni wakizidi, vigoda vinne viko chini ya meza ya TV. Najua seti inauma kuitenganisha baada ya kuilipia, lakini tazama kilichopatikana: kati ya meza na TV kuna zaidi ya mita moja, wazi. Jioni unatandika mkeka pale, watoto wanafanya kazi za shule na wewe unawaona.

Tuingize vitu sasa, kila kimoja juu ya mchoro wake. Polepole na miguu ya kochi. Hapo. Usifute chaki leo. Kaeni nayo siku mbili tatu, mpite usiku, mpite na mizigo, mahali panapokwaza mtapajua wenyewe.

Mjukuu wa mama huyo anatoka korido na ndoo ya maji, imejaa. Amepita mpaka mlangoni, hajamwaga hata tone, na mama aliyekaa kwenye kochi hajalazimika kukunja miguu.