Kama pombe inauzwa, kwa nini bangi isiuzwe?

Wazee wangu shikamooni. Vijana, habari za jioni. Nawashukuru kwa kunialika hapa Mnazi Mmoja, na nawashukuru pia kwa kunipa mada ambayo watu wengi huikwepa.

Hoja yenyewe mnaijua. Inasemwa vijiweni Manzese, inasemwa Kariakoo, inasemwa na wasomi wakiwa wamekaa kwenye viyoyozi: sigara inaua na inauzwa dukani, pombe inaua na inauzwa baa, bangi haijawahi kuua mtu, mbona anayekutwa nayo anafungwa? Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli, na wanaoipinga kwa makelele wanaipa nguvu bure.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawakuvuta wenyewe, walikaa tu na wavutaji. Pombe, kwa hesabu za mwaka 2019, iliua watu milioni 2.6. Mtu anaweza kunywa pombe kali usiku mmoja mpaka akashindwa kupumua akafa. Kwa bangi peke yake, hilo ni nadra mno. Hata kwa uraibu, utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba katika kila watu 100 waliowahi kutumia tumbaku, 32 walinasa. Kwa pombe walikuwa 15. Kwa bangi, 9.

Mwaka 2010 Profesa David Nutt wa Uingereza na wenzake walizipa alama dawa za kulevya 20 kwa jumla ya madhara yake kwa mtumiaji na kwa wengine. Pombe ikashika namba moja kwa alama 72, juu ya heroini iliyopata 55. Tumbaku 26, bangi 20. Mwaka mmoja kabla yake, serikali ilikuwa imemwondoa kwenye uenyekiti wa baraza lililokuwa likiishauri kuhusu dawa za kulevya, kwa kusema mambo ya namna hii hii. Ukweli una gharama zake.

Naona vijana wa nyuma wanapiga makofi. Msiondoke bado.

Alama zile zilipima madhara kama yalivyokuwa ndani ya Uingereza ya wakati ule. Pombe ilikuwa halali, inatangazwa, inapatikana kila mtaa, na watu wazima wengi wanakunywa. Bangi ilikuwa marufuku. Kwa hiyo zile 20 ni alama za kitu kinachouzwa kwa kificho. Huwezi kuzichukua ukatuambia bangi itafanya nini siku itakapokuwa na kampuni, mabango barabarani na wasichana wa promosheni wakiigawa kwenye tamasha. Sehemu kubwa ya ubaya wa pombe inatokana na wingi wa wanywaji, na wingi huo una watu wanaolipwa mshahara kuutafuta.

Halafu kuua si kipimo pekee. Sweden walifuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini, kwa miaka 15. Matokeo yalitoka mwaka 1987: waliokuwa wameshavuta bangi zaidi ya mara 50 walikuwa na hatari ya kupata skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, karibu mara 6 kuliko wasiovuta. Wapo wanaobisha kwamba huenda baadhi yao walikuwa na mwelekeo wa ugonjwa tangu mwanzo, na ubishi huo una maana. Lakini tafiti za baadaye zimeendelea kuuona uhusiano huo, hasa kwa wanaovuta kila siku na wanaovuta bangi kali. Na bangi imekuwa kali kweli. Katika sampuli zilizokamatwa Marekani, THC, yaani ile kemikali inayolewesha, ilikuwa chini ya asilimia 4 mwaka 1995. Sasa iko kwenye asilimia 15 hivi. Hapa kwetu Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imeshakamata skanka, yaani bangi kali, na hapa hapa jijini zimekamatwa biskuti zilizochanganywa na bangi. Kwa hiyo mzee anayetuambia yeye amevuta tangu ujana na hajapata tatizo anazungumzia mmea mwingine. Mtoto anayeanza na miaka 14, ubongo wake bado unajengeka, na kwa wanaoanza utotoni wanaonasa hufika karibu mmoja kati ya 6.

Sasa niwapeleke kwenye kitu ambacho sote tulikiona kwa macho: viroba. Konyagi na pombe kali nyingine zilikuwa halali kabla ya viroba na zimebaki halali baada yake. Kilichobadilika kilikuwa mfuko mdogo wa plastiki. Ukaingia mfukoni mwa kondakta, kwenye begi la mwanafunzi, kwenye koti la bodaboda, kwa bei ambayo hata mtoto aliyetumwa chumvi angeimudu. Sheria ya umri ilikuwepo, leseni zilikuwepo, na muuza genge aliuza kiroba pembeni ya pipi. Kisha tarehe 1 Machi 2017 vikapigwa marufuku. Watu waliendelea kunywa, hilo nalijua, lakini chupa haifichiki darasani kama kiroba. Serikali haikuzuia kilevi, ilizuia namna ya kukiuza, na tofauti ilionekana mitaani.

Ndiyo maana naona ubishi wetu umekaa upande. Tunaulizana halali au haramu, halali au haramu, kama mpira wa Simba na Yanga. Mimi ningeuliza nani atauza, kwa kifungashio gani, kwa nani, na nani atakagua. Na kwenye ukaguzi hatuna sifa nzuri. Tangu mwaka 2003 tuna sheria inayokataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Tokeni hapa mkahesabu vibanda vinavyomuuliza mtoto umri wake anapoagizwa sigara moja.

Wazee wa mbele mnatabasamu, mnadhani nimewaunga mkono. Bado nanyi.

Watu wanahukumiwa vifungo vya miaka 30 kwa kusafirisha bangi, na vya maisha pia vipo. Bangi imekwisha? Inalimwa Arumeru, inalimwa Tarime, inashushwa Dar. Na marufuku yenyewe haikuanzia maabara. Bangi iliingizwa kwenye mkataba wa kimataifa kule Geneva mwaka 1925 kwa msukumo wa Misri, katika kikao kilichoitishwa kujadili afyuni. Mwaka 1961, katika mkataba wa Umoja wa Mataifa, ikawekwa kundi moja na heroini, na haikutolewa kwenye orodha ile kali mpaka Desemba 2020, kwa kura 27 dhidi ya 25. Au tazameni mirungi: ukiwa Namanga upande wa Kenya ni zao la biashara, ukivuka mpaka ni kesi. Na gongo imekuwa haramu miaka yote, bado inapikwa, na anayeinywa hana wa kumhakikishia kama kuna methanoli, ile alkoholi yenye sumu, ndani.

Nchi nyingine zimejaribu njia tofauti. Uruguay iliruhusu mwaka 2013, lakini mnunuzi anasajiliwa, famasia ndizo zinauza, na matangazo hakuna. Afrika Kusini, mwaka 2018, Mahakama ya Katiba ilisema mtu mzima akivuta faraghani asishtakiwe, haikuruhusu kuuza. Thailand iliiondoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya Juni 2022 kabla ya kutunga sheria ya kuisimamia. Maduka yakajaa Bangkok, na kufika 2025 serikali ikarudi kudai cheti cha daktari. Mimi nikiulizwa leo tungefanana na nchi ipi, naogopa tungefanana na Thailand.

Msimamo wangu, maana mtaniuliza: kijana aliyekutwa na msokoto mmoja asipelekwe gerezani, apelekwe kwa mshauri au aachwe aende nyumbani. Biashara ya bangi isifunguliwe. Na kabla hatujaongeza kilevi cha tatu dukani, tushughulikie hivi viwili: kodi ipande, matangazo ya pombe yapungue, na anayemuuzia mtoto afungiwe kibanda.

Kuna swali limeletwa kwa karatasi, la mama mwenye mtoto wa kifafa aliyeambiwa mafuta ya bangi yanaponya. Mama, ipo dawa inayotokana na kemikali nyingine ya mmea huo, CBD, ambayo hailewishi. Marekani waliiidhinisha mwaka 2018 kwa aina chache za kifafa kikali cha utotoni. Haiponyi, inapunguza degedege. Imepimwa dozi yake kama dawa nyingine yoyote, na mafuta ya kichupa cha mtaani hayajapimwa na mtu. Usiache dawa alizoandikiwa. Ukizikatisha ghafla degedege linaweza kurudi kwa nguvu zaidi. Nitakuwepo hapa nje baada ya kikao, njoo na kadi yake ya kliniki tuiangalie.