Kuendesha Mwenyewe Milima ya Rockies: Jibu kwa Wanaouliza "Shilingi Ngapi?"

Habari zenu wadau, karibuni. Leo hakuna mandhari nyuma yangu, niko ndani ya gari, nimeegesha nje ya kazini, zamu bado kidogo ianze. Mnisamehe mwanga. Nimeona nirekodi hivi hivi kwa sababu swali limekuwa lile lile. Tangu niweke zile picha za milima ya Rockies hapa Kanada, yale maziwa ya bluu na ile barabara iliyopita katikati ya milima, kila nikifungua maoni nakuta, "Kaka, hiyo safari shilingi ngapi?" Linalofuata: "Nikija huko naweza kukodi gari nikaendesha mwenyewe?"

Na hawakosekani wale wengine. Mmoja kaandika, "Umeanza kuringa na mitheluji yako, huku watu unga umepanda." Video iliyotangulia nilisema kodi ya nyumba inaniumiza, akaja mtu, sijui ndiye yule yule, "Umefika majuu bado unalia." Nikisema pazuri naringa, nikisema ghali nalia. Basi leo nitafanya vyote viwili, kila mtu achukue la kwake.

Ninachozungumzia ni Kanada, upande wa magharibi, jimbo la Alberta. Mzunguko wenyewe unaanzia Calgary. Calgary mpaka Banff, mji ulio ndani ya hifadhi ya taifa, ni kama kilomita 130, lami safi. Banff mpaka Lake Louise kama 60. Hapo unakata kulia, unaingia barabara inayoitwa Icefields Parkway, kilomita 230 hivi mpaka Jasper, mji mwingine ulio ndani ya hifadhi, na hiyo barabara ndiyo iliyowatoa watu macho kwenye picha. Kutoka Jasper unashuka mashariki mpaka Edmonton, 365 hivi, halafu unarudi Calgary, 300. Jumla inakaribia 1,100, tuseme Dar mpaka Mwanza. Uzuri wake siuelezi, picha mmeziona.

Sasa hela. Kila mtu anauliza mafuta. Ndugu zangu, mafuta ndiyo kitu kidogo kuliko vyote. Gari dogo linakula lita nane kwa kilomita mia, lita moja hapa inacheza kwenye dola moja na nusu, na naongelea dola ya Kanada, ambayo iko chini ya ile ya Marekani, msije mkazidisha vibaya mkaniita mwongo. Mafuta ya mzunguko mzima yanakuja kama dola 130, 150. Mkiwa wanne mnachangishana, hata hamhisi.

Kinachoua ni pa kulala. Julai na Agosti, chumba cha kawaida kabisa pale Banff kinaweza kupita dola 400 kwa usiku mmoja. Chumba tu, chai hujanywa. Mimi sijawahi kulala hoteli ya Banff na sioni aibu kusema. Napiga kambi. Eneo la hema ndani ya hifadhi ni dola thelathini, arobaini na kitu, kuna maji, kuna choo kisafi kuliko cha nyumba niliyopanga Sinza. Wengine wanalala Hinton, mji mdogo wa watu wa mbao na makaa ya mawe, kama kilomita 80 nje ya Jasper. Haupigwi picha na mtu, lakini bei inaongea lugha ya binadamu.

Kiingilio cha hifadhi nacho mnakikuza. Kuna pasi ya mwaka mzima ya gari moja, watu mpaka saba ndani, inazidi dola 150, na unaingia nayo hifadhi za taifa karibu zote za nchi hii. Watoto mpaka miaka 17 ni bure. Ukiwa na gari la ukubwa wa Noah umejaza watu wako, mgao unakuwa mdogo mno. Na ukipita tu Banff kwenye barabara kuu bila kusimama hulipi kitu, sawasawa na mabasi ya Mbeya yanavyokatiza Mikumi. Ila Icefields Parkway ina geti lake, hapo hakuna kukatiza. Na kwa vile nimeitaja Mikumi: Banff wamewajengea wanyama madaraja yao juu ya barabara kuu, sita, yameoteshwa miti juu, na njia za chini 38, na uzio pembeni, ili dubu na kulungu wavuke bila kukutana na lori. Sisi tuna matuta na ule ubao wa faini kwa anayegonga mnyama. Sisemi zaidi, nitaambiwa nimesahau kwetu.

Halafu kuna aliyeandika, "Serengeti umeifika?" Swali zuri, na linauma. Mtanzania anaingia Serengeti kwa shilingi 10,000 kabla ya VAT. Mgeni wa nje, msimu wa watalii wengi, analipa dola za Marekani sabini, nazo kabla ya VAT. Kwa hiyo ndugu uliyeko Arusha unayeniuliza bei ya Rockies, wewe una ofa mlangoni kwako ambayo Mzungu anaiota. Lakini nami najua kinachokuzuia, ni kile kinachonizuia mimi hoteli ya Banff. Geti ni rahisi, gari la kukupeleka mpaka ndani na pa kulala ndiyo habari nyingine.

Sasa tuje kwenye makaratasi, maana hii safari inaamuliwa mezani, miezi mingi kabla hujawasha gari. Anayetoka Tanzania anahitaji viza. Maombi dola 100 za Kanada, alama za vidole dola 85, na hizo hazirudi ukinyimwa. Siwapi matumaini wala siwakatishi tamaa. Nimewahi kumwandikia mwaliko mama mdogo wangu, barua ya kazi yangu, karatasi za benki, kila kitu. Akanyimwa kwa barua ya aya mbili, eti hawajaridhika kwamba atarudi. Mama mdogo ana shamba la kahawa Marangu, ana wajukuu, ana kikoba anachokiongoza. Arudi wapi kama si huko? Wakati huo huo kuna jirani yangu wa hapa, mtu wa Bujumbura, mdogo wake kapita na makaratasi nusu ya hayo. Kwa hiyo msiniulize siri. Kila mtu na faili lake na afisa wake.

Umepata viza. Leseni. Mgeni wa muda mfupi anaendesha kwa leseni yake halali ya nyumbani, ila beba na kibali cha kimataifa cha udereva, kwa sababu hata polisi asipokiuliza, mtu wa dirisha la kukodi gari atakiuliza. Hiyo ni kwa mgeni. Ukihamia ni mambo mengine, na hapa mniache niseme la moyoni.

Mimi nimeendesha Kosta. Moshi–Arusha, Moshi–Rombo, mvua za masika, barabara ikiwa bado vumbi. Nimehamia hapa, baada ya siku 90 leseni yangu ikawa kadi ya kumbukumbu. Nchi zipo ambazo wamekubaliana nazo, mtu anabadilisha dirishani siku hiyo hiyo. Yetu haimo. Nikaambiwa nifanye mtihani wa maandishi, wa barabarani, na ili uzoefu wangu uhesabiwe, nilete uthibitisho kutoka nyumbani kwamba leseni ni ya kweli. Kaka yangu akazungushwa ofisini huko mpaka akachoka kunipokelea simu. Na nilipokaa na mtahini, kijana mdogo tu, ananifundisha kupanda mlima! Sawa, nilifaulu, na ukweli wanaendesha kulia, kipilefti unakizunguka kinyume na ulivyozoea, nidhamu yao ni nyingine. Lakini bado linanikera, na litaendelea kunikera.

Gari la kukodi. Sikilizeni hapa kwa makini, ndipo wageni wengi wanapokwama. Wanataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Hela taslimu hawataki kuziona. Kadi ya kawaida ya benki, baadhi wanakubali kwa masharti mengi, baadhi hapana. Nikikulipia mimi kwa kadi yangu, mimi ndiye nawekwa dereva, wewe unaongezwa kama dereva wa pili, na hilo nalo mara nyingi lina bei kwa siku. Chini ya miaka 25 unaongezewa tena. Ukichukua Calgary ukaacha Edmonton, kuna ada ya kuliacha mji mwingine, ndiyo maana nasema mzunguko. Halafu dhamana: wanazuia mamia ya dola kwenye kadi yako mpaka urudishe. Kampuni moja, jina siitaji, ilishikilia yangu wiki nyingi baada ya gari kurudi bila mkwaruzo, na kila nikipiga simu naambiwa ni benki, benki wanasema ni kampuni. Hiyo ilikuwa hela ya kodi ya nyumba. Basi mtu ananiona kwenye picha nimesimama mbele ya ziwa nacheka, anaandika "mambele raha". Haya.

Nafasi nazo zinakatwa mapema. Kambi za Banff na Jasper zinafunguliwa mtandaoni mwanzoni mwa mwaka, na zile nzuri za Julai zinaisha siku hiyo hiyo. Moraine Lake, lile ziwa la bluu mnalolipenda, tangu mwaka 2023 gari binafsi la mtalii wa kawaida haliruhusiwi. Wengi tunapanda basi la hifadhi, na kiti unakata mtandaoni. Sehemu ya viti inatoka majira ya Aprili, vingine vinaachiwa siku mbili kabla, saa mbili asubuhi ya hapa, ambayo kwenu ni saa kumi na moja jioni. Nimewahi kumpa shemeji yangu aliyeko Tabata kazi ya kunikatia, mimi nikiwa kwenye zamu nabeba boksi, maboksi ya kweli, si ya utani. Alipata. Lake Louise unaweza kufika na gari lako, lakini maegesho ni zaidi ya dola 30 kwa siku na kiangazi yanajaa jua likichomoza.

Miezi: katikati ya Juni mpaka Septemba. Kabla ya hapo mtakuta maziwa bado barafu, mtanilaumu. Juni mwishoni jua linazama karibu saa nne usiku, kwa dereva hiyo ni neema. Kuanzia Novemba mpaka mwanzoni mwa Aprili matairi ya theluji ni sheria kwenye Icefields Parkway, na kama hujawahi kuendesha kwenye barafu, binafsi ningekwambia subiri, ila una maisha yako. Mtandao wa simu njia karibu nzima hakuna, pakua ramani. Kituo cha mafuta katikati ni kimoja, Saskatchewan Crossing, majira ya baridi kimefungwa, na wakikuona unakuja bei inapanda. Jaza Lake Louise.

Jambo la moto. Julai 2024 moto wa msitu uliingia mji wa Jasper, ukala karibu theluthi ya majengo. Watu elfu ishirini na tano hivi waliondolewa mjini na hifadhini, wengi wao watalii kama sisi, usiku, barabara moja. Mji wanaujenga upya na wageni wanawahitaji, nendeni. Lakini katikati ya Agosti kunaweza kuwa na moshi usione hata mlima uliolipia, kwa hiyo kata nafasi zinazorudisha hela ukighairi, hata kama zinazidi bei kidogo.

Njiani kuna barafu inaitwa Athabasca, unaiona kutoka barabarani. Ukiifuata kwa miguu unapita vibao vya miaka, kila kibao kinaonyesha barafu iliishia wapi mwaka ule. Imerudi nyuma zaidi ya kilomita moja na nusu. Wenzangu walikuwa wanapiga picha, mimi mtoto wa Moshi nikawa nawaelezea kofia ya theluji ya Kibo, kule Kilimanjaro, ilivyokuwa zamani kama wazee wetu wanavyoisimulia. Hawakunielewa sana.

Na ile Icefields Parkway ilijengwa miaka ya 1930, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, na watu waliokosa kazi, kwa sululu na koleo, ikakamilika 1940. Kwa hiyo wabeba boksi wenzangu ndio walioichonga. Anayesema napita pale kuringa, napita kwa haki.

Jumla? Watu wanne, hema, gari la kukodi, chakula cha kupika wenyewe, siku tano, sisi huwa tunaishia chini ya dola 500 kila mmoja. Wewe unaweza kutumia mara tatu yake au ukapunguza, inategemea umekodi gari gani na unakula nini. Usije ukanipigia mimi simu hesabu ikigoma.

La mwisho, dada mmoja kauliza kama tunapika pilau kambini. Tunapika, jiko la gesi, sufuria moja. Ila ukimaliza, sufuria, viungo, mafuta ya kula, hata dawa ya meno, vyote unavifungia ndani ya gari. Usiache kijiko mezani. Walinzi wa hifadhi wanapita usiku na tochi, wakikikuta wanakichukua, na faini ipo, kwa sababu dubu akishazoea chakula cha binadamu mara nyingi mwisho wake ni kuuawa. Na ile dawa ya kumpulizia dubu hairuhusiwi kwenye ndege, usinunue ukidhani utamletea mtu zawadi Dar. Zamu imefika, naingia.